Herufi mbili kwenye chupa ya dawa: mwongozo kamili wa EC, WP, SC na wenzake kwa wakulima wa Mwanza

Mkulima anaingia duka la pembejeo Magu au Misungwi na kusema, "Naomba dawa ya kantangaze," yule mdudu anayeharibu nyanya. Muuzaji anamuuliza, "Ya maji au ya unga?" Kwa wengi mazungumzo yanaishia hapo. Ya maji inapimika kwa kizibo, basi anachukua ya maji, analipa, anaondoka.

Sasa angalia rafu ile ile iliyoandikwa "dawa za maji". Pana chupa yenye herufi EC, pembeni yake SC, pale SL, na siku hizi CS na EW nazo zipo. Zote zinamiminika, lakini kila moja ina tabia yake ndani ya bomba la kupulizia, juu ya jani na juu ya ngozi yako. Malalamiko mengi ya "dawa haikuua" au "dawa imeunguza miche" ukiyachimba unakuta kiambato kilikuwa sahihi kabisa. Tatizo lilikuwa mtu kuitendea SC kama EC, au kuipulizia EC matikiti machanga saa saba mchana.

Herufi hizo ni za mfumo mmoja wa kimataifa, unaotumiwa hata na FAO na WHO. Chupa iwe imetoka India, China au Uswisi, EC ni EC. Ukizijua mara moja umezijua kwa duka lolote.

Kwa nini dawa moja ina maumbo mengi

Ndani ya kila chupa kuna kiambato amilifu, yaani kile kinachoua mdudu, ukungu au gugu, na kuna vitu vingine vilivyowekwa ili kiambato hicho kiweze kupulizwa. Kiambato chenyewe mara nyingi hakipatani na maji. Kingine ni kimiminika cha mafuta, kingine ni chembe ngumu ambazo ukizitia kwenye ndoo zinaelea au zinazama tu. Kiwanda hakina njia nyingi: kukiyeyusha kwenye kiyeyushi cha petroli, kukisaga kikawa unga laini, kukisaga na kukiacha kikielea ndani ya maji mazito, kukifunga ndani ya vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, au kukibandika kwenye chenga. Umbo linaamua pia bei, harufu, usalama na muda dawa itakaokaa kwenye jani.

Hatua ya 1: Soma mstari mmoja kabla ya kulipa

Chini ya jina kubwa la biashara tafuta mstari mdogo wenye vitu vitatu: jina la kiambato, namba, na herufi. Mfano: lambda-cyhalothrin 5 EC. Au mancozeb 80 WP. Au profenofos 720 EC.

Namba ndiyo inayowachanganya watu. Kwa unga, 80 WP ni asilimia 80, yaani kila kilo ina gramu 800 za mancozeb. Kwa dawa za maji kuna mitindo miwili. Kampuni nyingine huandika asilimia na nyingine huandika gramu kwa lita. Lambda-cyhalothrin ya 5 EC na ya 50 EC ni nguvu ile ile, gramu 50 kwa lita. Mtu anayeona 50 akadhani ni kali mara kumi kuliko 5, akapunguza kipimo, ataishia kuwachekesha wadudu. Kwa hiyo usiishie kwenye namba ya jina. Shuka hadi pale lebo inapotaja gramu kwa lita, hapo hakuna utata. Kinyume chake pia kipo: 2.5 EC ni gramu 25 kwa lita, nusu ya 5 EC. Ukipima kizibo kile kile ulichozoea umepulizia nusu dozi.

Ukikuta viambato viwili, kwa mfano metalaxyl-M na mancozeb 68 WG, jumla ni asilimia 68, lakini mgawanyo wake ni 4 kwa 64. Hivyo ni viambato viwili vinavyofanya kazi mbili, kimoja kinaingia ndani ya mmea na kingine kinabaki nje ya jani kama kinga.

Hapo hapo hakikisha kuna namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020, maelezo ya Kiswahili, tarehe ya mwisho ya matumizi, na mstari wa rangi chini ya lebo. Nyekundu ni sumu kali kabisa, kisha njano, bluu na kijani. Kiambato kimoja kinaweza kuwa na rangi tofauti kulingana na nguvu na umbo lake, kwa hiyo usiseme "hii naijua" kwa sababu tu jina la kiambato umelizoea.

Hatua ya 2: Zijue tabia zake

*EC.* Hii ndiyo mfalme wa maduka yetu, kwa sababu ni rahisi kupima na haizibi nozeli. Kiambato kimeyeyushwa kwenye kiyeyushi cha mafuta, kikaongezewa kiunganishi kinachoyafanya mafuta yakubali maji. Kata chupa ya maji ya plastiki, itie maji safi, udondoshee matone mawili matatu ya EC nzima. Utaona wingu linafunguka na kushuka chini lenyewe, ukikoroga kidogo maji yote yanakuwa meupe kama maziwa. Iache nusu saa. Utando mwembamba unaorudi ukitikisa hauna neno. Lakini ukiona mafuta yameelea juu na kukataa kuchanganyika, kiunganishi kimekufa kwa uzee au joto, au chupa si halali. Usiipulizie, kwa maana mche mmoja utapata mafuta matupu na mwingine maji matupu. Kipande hicho cha chupa nacho kitoboe ukitupe, mtoto asije akakinywea.

Ubaya wa EC uko kwenye kile kile kinachoifanya ifanye kazi vizuri. Kiyeyushi kinapita kwenye nta ya jani, na kwenye ngozi ya binadamu kinapita vile vile. Matone yaliyokumwagikia mkononi wakati wa kupima ni hatari kuliko ukungu uliokugusa shambani, kwa sababu ndani ya chupa dawa bado haijachanganywa na maji. Harufu ni kali, inashika moto, na baada ya muda inavimbisha washa na oringi za bomba mpaka linaanza kuvuja mgongoni kwako. Jua kali likikuta EC kwenye majani laini ya matikiti, matango au miche ya kitaluni, kingo za majani zinaungua. Mkulima anasema ni ugonjwa, anarudi dukani kununua dawa ya ukungu.

*WP.* Ni unga laini usioyeyuka, unaoelea tu ndani ya maji ukikorogwa. Mancozeb na kopa (dawa za shaba) nyingi za bakajani ziko hivi. Ni nafuu, haiunguzi majani kirahisi, na haipiti kwenye ngozi kwa kasi ya EC. Hatari yake iko puani. Ukikata pakiti kwa haraka, unga unapaa usoni. Kwa hiyo ukiwa na fedha ya kifaa kimoja tu msimu huu, mtumiaji wa EC aanze na glavu nzito za mpira, mtumiaji wa WP aanze na barakoa. Miwani inawafaa wote wawili.

WP inazama. Ukisimama kuongea na simu dakika kumi, nusu ya dawa iko chini ya bomba, na utakaporudi miche ya kwanza itapata uji mzito huku ya mwisho ikipata maji. Inaziba chujio na kula tundu la nozeli taratibu. Inaacha vumbi jeupe au la kijani kwenye matunda, jambo ambalo wanunuzi wa nyanya sokoni hawalipendi, na wana haki.

*WG*, ambayo nyingine huandikwa WDG, ni WP iliyofinyangwa kuwa chengachenga. Haitoi vumbi, inamwagika vizuri kwenye kipimo, ikifika majini inasambaratika. Ni ghali kidogo. Binafsi naona fedha hiyo inastahili, hasa kwa anayechanganyia dawa uani kwake palipo na watoto.

*SP na SG* ni unga au chenga zinazoyeyuka kabisa, kama acetamiprid 20 SP, au emamectin benzoate 5 SG inayotumika sana kwa kantangaze na viwavijeshi vamizi. Zikishayeyuka hazizami, huna haja ya kutikisatikisa. Emamectin inaharibiwa na mwanga wa jua ikiwa bado juu ya jani, kwa hiyo ipulizie jioni upate thamani yake.

*SC.* Ni chembe zilizosagwa sana zikaelea ndani ya maji mazito. Haina kiyeyushi cha mafuta, haina harufu kali, haishiki moto, haiunguzi majani ovyo. Chlorantraniliprole na azoxystrobin mara nyingi huja hivi. Inapokaa rafuni inajitenga, chembe zinakaa chini na maji yanabaki juu. Mtu asiyetikisa anamimina maji maji kwa wiki za mwanzo, analalamika dawa ni dhaifu, kisha anafika chini ya chupa na kumimina sumu nzito mara tatu ya kipimo. Igeuze chupa kichwa chini, itazame kitako chake, tikisa mpaka usione tabaka lolote limebaki.

*SL* ni kiambato kilichokwisha kuyeyuka, ukikitia majini hakibadilishi rangi kuwa nyeupe. Imidacloprid 200 SL ni mfano, na dawa nyingi za magugu kama glyphosate na 2,4-D. Kuna mambo mawili ya kwetu hapa. La kwanza ni kwamba glyphosate inanata kwenye udongo na kupoteza nguvu. Ukiichanganya na maji ya tope ya lambo au ya kwenye majaruba, umeinunua bure. La pili ni 2,4-D. Wengi Kwimba, Misungwi na Magu wanalima mpunga na pamba kwa mkono mmoja, na 2,4-D inafaa kuua magugu ya majani mapana kwenye mpunga. Pamba ni mmea wa majani mapana, tena ni kati ya ile iliyo myepesi zaidi kuathirika. Mabaki yaliyobaki kwenye mpira wa bomba, au upepo kutoka kwa jirani, yanatosha kuyafanya majani ya pamba yajikunje na kuwa membamba kama vidole. Nyanya ni hivyo hivyo. Tenga bomba la magugu, lipake rangi, na lisiguse shamba la pamba hata siku moja.

*CS* ni kiambato kilichofungwa ndani ya vifuko vidogo sana vinavyokitoa polepole. Kinakaa muda mrefu na hakiwashi ngozi kama EC ya kiambato hicho hicho. Wanaopulizia ukoko majumbani kuzuia mbu wa malaria huku Kanda ya Ziwa wamewahi kutumia pirimiphos-methyl ya CS kwa sababu hiyo hiyo ya kudumu ukutani. *EW* inafanana na EC ila sehemu kubwa ya kiyeyushi imebadilishwa na maji, kwa hiyo ni mpole zaidi.

*UL* wazee wa pamba wanaikumbuka. Ni dawa ya mafuta inayotoka chupani ikiwa tayari, inapulizwa kwa pampu ya betri yenye kisahani kinachozunguka, lita chache tu kwa hekta. Usiitie maji na usiitie kwenye bomba la mgongoni. Siku hizi ekapaki (dawa ya pamba ya kipimo cha ekari moja) nyingi ni za kuchanganya na maji, lakini usidhanie, soma herufi.

*GR* ni chenga za kuweka ardhini au kwenye moyo wa mhindi kwa ajili ya funza wa mabua. Haziyeyushwi na hazipulizwi. Kuna wanaoziloweka usiku kucha ili "zitoe dawa". Waache mara moja, wanatengeneza sumu isiyo na kipimo.

*DP* ni vumbi la kutumia kavu, na kwetu kazi yake kubwa ni ghalani dhidi ya dumuzi na fukusi. Nyingi hutumia gramu 100 kwa gunia la kilo 90 hadi 100, ila pakiti ndiyo yenye neno la mwisho. Mahindi yakauke, yapepetwe, yamwagwe kwenye turubai, vumbi linyunyizwe kidogo kidogo huku mtu akigeuza kwa koleo, kisha ndipo ujaze gunia. Dawa ya shambani, iwe EC au WP, haiingii kwenye nafaka ya kula kwa namna yoyote. Asiyetaka vumbi kabisa atumie mifuko isiyopitisha hewa.

*FS* ni dawa ya kupaka mbegu, huwa na rangi nyekundu au ya samawati ili mtu asiile mbegu ile wala kuwapa kuku. Mbegu iliyobaki irudi kwenye mfuko wake.

Kisha kuna vidonge vya kufukizia vya aluminium phosphide. Vikigusana na unyevu hutoa gesi inayopenya kuta na milango, na imewahi kuua watu waliolala chumba cha jirani na magunia. Hiyo ni kazi ya mtaalamu kwenye ghala lisilolala watu. Mkulima wa nyumba ya vyumba viwili avipite tu dukani.

Hatua ya 3: Chagua kwa kazi iliyo mbele yako

Ukiwa na viambato vile vile vya maumbo tofauti, jiulize mambo manne: zao lina majani laini kiasi gani, bomba lina hali gani, maji ni ya wapi, na shamba liko umbali gani kutoka ziwani. Kwa kitalu na matikiti machanga napendelea SC, WG au SG kuliko EC. Kwa funza wa vitumba kwenye pamba iliyokomaa majani, EC haina shida. Kwa bomba kuukuu lenye nozeli ya kuziba ziba, WP itakupotezea asubuhi nzima. Nyanya zikikaribia kuvunwa, usiweke unga unaoacha alama, na kwa umbo lolote heshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo.

Hatua ya 4: Pata kipimo cha shamba lako

Lebo ikisema "mililita 20 kwa lita 20", hesabu ni rahisi: bomba la lita 15 linapokea mililita 15. Shida ni lebo inayosema kwa hekta. Fanya hivi. Pima kipande cha mita 10 kwa 10. Weka lita 5 za maji matupu kwenye bomba, pulizia kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima yaliyobaki. Tuseme umetumia lita 3. Ekari moja ina vipande kama hivyo takriban 40, kwa hiyo utahitaji lita 120, yaani mabomba 8 ya lita 15. Lebo inataka mililita 400 kwa hekta, ambayo ni kama 160 kwa ekari. Gawa kwa 8, unapata mililita 20 kwa kila bomba. Zao likirefuka, rudia zoezi, maana maji yataongezeka.

Vizibo havilingani. Kimoja ni mililita 5, kingine 20. Nunua sirinji kubwa duka la dawa za binadamu, iandike SUMU kwa rangi, ikae na bomba. Kwa unga, kijiko kimoja cha WP na kijiko kimoja cha WG havina uzito sawa. Pima mara moja kwenye mizani, weka alama kwenye kikombe, na kila dawa iwe na kikombe chake.

Hatua ya 5: Changanya kwa mpangilio

Chota maji ziwani kwa ndoo safi, usitumbukize bomba wala chombo chenye dawa. Maji ya kijani yenye mwani yaache, yanaziba nozeli na huwa na alkali inayovunja baadhi ya dawa zikikaa muda mrefu. Yachuje kwa kipande cha kanga kuukuu.

Kwa WP, usimwage unga moja kwa moja bombani. Weka maji kidogo kwenye ndoo ndogo, mimina unga juu yake taratibu ukiwa umesimama upande upepo unakotoka, acha ulowe wenyewe kwa muda, kisha koroga kwa kijiti. Mwanzoni kuna vidonge vikavu vinavyoelea, ukiviponda ubavuni mwa ndoo vinapasuka na kutoa unga mkavu ndani. Endelea mpaka upate rojo laini isiyo na punje. Ongeza maji, chuja unapoingiza kwenye bomba lililokwisha kujazwa nusu. Suuza ndoo, maji yake nayo yaingie bombani.

Ukichanganya dawa mbili, kwanza ziwe zinaruhusiwa kwenye lebo. Kisha fuata mpangilio huu: maji nusu bomba, halafu WP na WG, koroga, halafu SC, halafu EC, halafu SL, mwisho kilainishi (kinachosaidia dawa kusambaa juu ya jani) na maji ya kujazia. Ukianza na EC, mafuta yake yanazingira unga na kufanya mabonge. Kabla ya kutia bombani jaribu kwenye chupa ya lita moja kwa uwiano ule ule, subiri nusu saa. Ikiganda, ikitengeneza mapande au ikipata joto mkononi, achana nayo. Na usiunganishe salfa na EC, hata kwa siku zilizokaribiana, majani yataungua.

Mchanganyiko wa leo umalizike leo.

Hatua ya 6: Pulizia ukijua upepo wa ziwa

Wanaolima bustani Kayenze, Sangabuye au visiwani Ukerewe wanaujua. Alfajiri hewa inatoka nchi kavu kwenda majini, polepole. Jua likipanda inatulia kidogo, kisha upepo unageuka na kuvuma kutoka ziwani kuelekea kwenye nyumba. Dirisha lako ni ule utulivu wa asubuhi, au jioni upepo ukishalala. Ukipulizia alfajiri kabisa kwenye shamba la ufukweni, ukungu unaenda kwenye maji.

Jambo hili ni zito kwa dawa za jamii ya lambda-cyhalothrin, cypermethrin na deltamethrin. Kwa binadamu nyingi si kali sana, lakini kwa samaki kiasi kidogo mno kinaua, na sasa kuna watu wenye vizimba vya sato mita chache kutoka kwenye bustani za wenzao. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Kwa mtu wa bomba, ukanda huo uache ukiwa na majani, usiulime wala kuupulizia. Mashamba ya kandokando ya mto Simiyu ni yale yale, mvua ya saa moja inashusha kila kitu hadi Ghuba ya Speke.

Nozeli ya koni ni ya wadudu na ukungu, ile bapa ni ya magugu. Ikiziba, izibue kwa mswaki laini au bua la nyasi. Kuipuliza kwa mdomo ndiyo njia fupi ya kunywa dawa. Na kama ni WP, utikise mgongo kila baada ya matuta machache.

Hatua ya 7: Baada ya kazi

Chupa ikiisha, itie maji robo, tikisa, mimina bombani. Fanya hivyo mara tatu, kisha itoboe. Chupa ya EC haiwi ya mafuta ya taa wala ya maziwa, kwa sababu plastiki imeshanyonya kiyeyushi. Bomba lioshewe shambani, maji yake yamwagwe kwenye sehemu uliyokwisha kupulizia, kamwe si ufukweni wala kisimani.

Hifadhi nayo inategemea umbo. EC na UL zikae mbali na jiko na jua. SC, CS na EW zisichomwe na joto la bati, zikipikwa zinajitenga na hazirudi. WP, WG na SP zinaogopa unyevu, na nyumba za kando ya ziwa zina unyevu wa kutosha, kwa hiyo pakiti iliyofunguliwa ikunjwe, ifungwe kwa raba na iwekwe ndani ya kopo lenye kifuniko. Unga uliokwisha kuwa tofali hautakaa sawasawa tena kwenye maji. Vyote viwe chini ya kufuli.

Dawa ikimwagikia ngozi, vua nguo upesi na uoshe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi muda huo huo. Mtu akimeza EC usimtapishe, kile kiyeyushi kikipita kwenye njia ya hewa kinaharibu mapafu. Maziwa hayaondoi sumu, na dawa za mafuta huenda yakazisaidia kuingia mwilini, basi usipoteze muda kuyatafuta. Mkimbize kituo cha afya na uende na chupa yenyewe, au picha ya lebo kwenye simu. Daktari, awe wa zahanati ya kijiji au wa hospitali ya Bugando, atauliza kwanza jina la kiambato, kisha kama ilikuwa ya mafuta au ya unga, na "chupa nyeupe yenye picha ya mdudu" haimsaidii.